Chumvi na ndimu havifuti tatuu

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: changanya chumvi na ndimu, au paka dawa ya meno, sugua kila jioni, tatuu itatoka. Haitatoka.

Wino wa tatuu hauko juu. Sindano huupeleka tabaka la pili la ngozi, chini ya lile la juu linalojiotesha upya takriban kila mwezi, na huko seli za kinga huumeza na kukaa nao. Mtazame mtu aliyechorwa karibuni: ngozi inambanduka magamba, mchoro uko palepale. Ili chumvi iufikie wino lazima kwanza uichune ngozi, na hapo utapata kidonda, kisha kovu juu ya mchoro uleule.

Nadhani wengi huchanganya na hina na piko, ambazo hupaka rangi juu tu na kufifia zenyewe baada ya wiki mbili tatu. Tena kigaga kikifunika kidonda, kwenye picha mchoro huonekana kama umefutika.

Kinachofanya kazi ni leza. Mwanga wake huvunja wino vipande vidogo, mwili ukaviondoa polepole. Ni ghali, na huhitaji kurudi mara kadhaa, kwa kupisha wiki kadhaa. Wino mweusi hutoka vizuri kuliko wa njano. Wenye ngozi nyeusi, muulizeni daktari wa ngozi kuhusu leza ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake). Zenye mawimbi mafupi zaidi huweza kuacha mabaka. Tatuu ndogo hukatwa kwa upasuaji, kovu likabaki.

Ujumbe wa ndimu ukikufikia, usiusambaze. Aliyekutumia mweleze taratibu.