Je, wajua kwa nini mwamba ukifungwa miezi mitatu akina mama huvua pweza wazito zaidi?

Katika vijiji kama Kisiwa Panza huko Pemba, Kizimkazi huko Unguja na Pate huko Lamu, wakazi hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu, asichokoe mtu pweza humo, na siku ya kufungua hupatikana pweza wazito kuliko wa awali. Wengi husema kwamba pweza wamepata nafasi ya kuzaana. Maelezo hayo hayalingani na maisha ya mnyama mwenyewe.

Pweza wa miamba yetu, Octopus cyanea, huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu maishani, hujifungia pangoni kwa wiki kadhaa akiyalinda mayai, na hufa baada ya mayai hayo kuanguliwa. Watoto hawabaki hapo, kwani huchukuliwa na mikondo kwa wiki nyingine kadhaa kabla ya kutua, pengine mbali kabisa na walikozaliwa. Kwa hiyo hata jike aliyetaga siku ile ile mwamba ulipofungwa hawezi kuwa ameujaza pweza wakubwa ndani ya miezi mitatu. Wanaovuliwa siku ya kufungua ni wale wale waliokuwamo wakiwa wadogo, ambao safari hii wameachwa wakue.

Nao hukua kwa kasi ya kustaajabisha, kiasi kwamba pweza mchanga anaweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu kwa mwezi. Mwamba usiofungwa ni kama shamba la muhogo lisilo na mwenyewe: kila apitaye huona mzizi bado mwembamba, lakini huung'oa, kwa sababu akiuacha atakayefaidi ni apitaye kesho. Hakuna mwenye pupa hapo; kungoja peke yako ni hasara tupu, na kungoja huanza kulipa pale tu kijiji kizima kinapongoja pamoja.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kusini-magharibi mwa Madagascar, ambako kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga mwamba mwaka 2004. Uchambuzi wa mafungo 36, kila moja likihusu takriban asilimia 20 ya eneo la uvuvi, ulionyesha kwamba mapato ya uvuvi wa pweza katika siku 30 baada ya kufungua yalizidi mara mbili yale ya siku 30 kabla ya kufunga. Hata hivyo, hiyo ni picha ya kijiji kizima, na haitoshi kuthibitisha kwamba wanawake wamepata fungu lao.

Fungu hilo hutegemea maji. Akina mama wengi huvua kwa miguu, mchokoo (kijiti cha kumtoa pweza pangoni) mkononi, kwenye mwamba unaokauka wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa sana, ilhali wanaume wenye miwani ya kuzamia na vyombo hufika kwenye kina siku yoyote. Mwamba ukifunguliwa maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana, wazamiaji watawamaliza pweza kabla ya maji kukauka vya kutosha. Ukifunguliwa bamvua, mama aliyengoja miezi mitatu hufika kwa wakati mmoja na wazamiaji. Kwa sababu hiyo, kiti cha mwanamke katika kamati ya wavuvi ya shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar), inapopangwa tarehe ya kufungua, kina thamani inayopimika kwa kilo.