Chapa ya gari ni ipi hasa?

Neno "chapa" ni jepesi mpaka wenye Peugeot 404 na 504 wa Lubumbashi wapange kukutana Jumapili, halafu mzee mmoja wa Kamalondo atokee na Talbot Samba yake, imeoshwa mpaka inameta. Apange mstarini, au aegeshe pembeni na watazamaji?

Chapa ni jina ambalo gari lilitoka nalo kiwandani. Anayelimiliki jina hilo ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi huchanganya. Peugeot iliichukua Citroën kati ya 1974 na 1976. Mwaka 1978 ikanunua tawi la Ulaya la Chrysler, na magari yake ikayapa jina la Talbot. Tangu 2021 Peugeot yenyewe imo ndani ya Stellantis, pamoja na Fiat, Opel na Jeep. Umiliki ukiwa kipimo, Jeep yoyote kuukuu ina haki ya kuja kunywa bia yenu.

Lakini hebu fungua boneti ya ile Samba. Injini imelazwa kuelekea nyuma, giaboksi iko chini yake, na zote mbili zinatumia oili ileile. Ni mpango wa Peugeot 104 mtupu. Fundi aliyezoea 104 hatauliza swali hata moja. Undugu wa namna hiyo, wa bodi na vipuri, ndio baadhi ya klabu hukubali. Klabu ya Rolls-Royce ya Uingereza, kwa mfano, huwapokea wenye Bentley, kwa kuwa Rolls-Royce iliinunua Bentley mwaka 1931, na kufikia 1955 Bentley S1 na Rolls-Royce Silver Cloud zilitofautiana hasa kwenye grili ya mbele. Leo majina hayo mawili yana wenyewe tofauti, Bentley ni ya Volkswagen na Rolls-Royce ni ya BMW, ila magari yale ya zamani ni ndugu vilevile.

Inayosumbua kweli ni Citroën LN ya 1976: bodi ya Peugeot 104 ile fupi, injini ya Citroën 2CV, silinda mbili, cc 602. Mimi ningeipeleka kwa wenye Citroën. Ule mngurumo wake hauna mahali pa kujificha.

Na Samba ya mzee? Aipange mstarini, mwishoni baada ya 504. Kombe la Peugeot bora tu ndilo asigombee, na aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza kuiosha.