Stendi za kamera za kujitengenezea: ya kijiweni na ya sokoni

Ukishamtengenezea jirani stendi ya simu ikakaa vizuri, wa pili anakuja mwenyewe. Halafu mpiga video wa harusi, halafu kijana wa kanisani anayerusha ibada mubashara. Na washauri nao wanafika. Sehemu kubwa ya ushauri wao nimeilipia kwa pesa yangu.

Dhana: "Bolti ya M6 na ya kamera ni kitu kimoja."

Hii ndiyo inayoharibu vitu vya watu. Tundu la chini ya kamera nyingi ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na bolti ya M6, ile ya spana namba 10, ni milimita 6. Ukiijaribu inaingia, tena kirahisi, ikilegalega kidogo. Tatizo liko kwenye nafasi kati ya jino na jino: M6 ni milimita 1, robo inchi ni 1.27. Mizunguko michache tu meno yanagongana, wewe unakaza ukidhani ni rangi imeziba, na kinacholika ni tundu la kamera. La kwanza mimi nililila kwenye kamera ya kuazima.

Dukani usiseme "namba kumi". Sema robo inchi, na ubebe nati uliyokwisha kuihakiki. Kisha kata bolti: kinachochomoza juu ya sahani inayobeba kamera kisizidi milimita 4.5 hivi, la sivyo inagota ndani kabla kamera haijabana.

Dhana: "Kwangu imekaa mwaka mzima, basi ni imara."

Wewe unajua mguu upi unateleza, na mkono wako unauwahi bila hata kufikiri. Mteja ataisimamisha pembeni ya jukwaa, watoto wanakimbizana, na begi ataning'iniza hapohapo. Uzito peke yake hausemi mengi: kamera ya kilo 2 ikikaa sentimita 30 nje ya nguzo inakilemea kiungo mara tatu ya ikikaa sentimita 10. Kwa hiyo napima kwa dumu. Lita 5 za maji ni kilo 5. Nalitundika pale kamera inapokaa, mkono wa stendi umenyooshwa hadi mwisho, nachora mstari wa kalamu kupita kwenye kiungo, nakwenda kulala. Asubuhi mstari ukiwa umeachana hata unywele, hiyo haiuzwi.

Dhana: "Ukiwa na printa ya 3D, fundi chuma wa nini?"

Kishikizo cha simu cha mezani, sawa. Cha kwenye dashibodi, hapana: plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa hizo, huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani linafika huko. Plastiki ya PETG huvumilia zaidi. Panapopita bolti, zamisha nati ya chuma.

Dhana: "Vifaa elfu 9, nimeuza elfu 25, faida elfu 16."

Na Jumamosi yako je? Umezunguka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta bomba, umevunja biti mbili za drili, umemlipa wa kuchomelea. Stendi ya kwanza huwa ni hasara tu, tukubaliane. Pesa inaanza kuonekana ukishatengeneza kalibu: kipande cha chuma chenye matundu tayari, unakibana juu ya bomba, unatoboa bila kupima. Kalibu yangu ilinila siku mbili. Sasa miguu ya stendi nne inatobolewa kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana naogopa oda ya "kama ile, ila hapa ipinde kidogo". Kila kinachopinda kinataka kalibu yake, na mteja anataka bei ya ile ile.

Dhana: "Gonga nembo ya kampuni kubwa, itatoka haraka."

Chukua GoPro, kampuni ya kamera ndogo. Kuandika "inashika GoPro" ni kueleza. Kuandika GoPro mguuni ni kughushi. Mimi nagonga herufi mbili zangu kwa patasi, chini ya sahani. Juzi zimenirudishia stendi ya mwaka juzi, mpira wa mguu mmoja umeisha. Nimekata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, nikachukua elfu 2.