Ukijipapasa umemwonyesha: wasafiri wa Kusini na vibaka wa Dar

Malipo ya korosho yakianza kuingia, abiria wangu wa Dar huongezeka, na maneno yao ni yale yale. Nauza tiketi za basi hapa Mtwara. Leo nayajibu kwa maandishi, maana mdomo umechoka.

"Mkono wangu hautoki mfukoni, nani atazichomoa hela?"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mkono utatoka. Unashuka Mbagala Rangi Tatu una begi huku, kiroba cha zawadi kule, na daladala ya Kariakoo inajaa. Bomba utalishika kwa mkono upi? Na kabla ya hapo umeshajipapasa kila hatua kumi. Wewe unahakikisha, kibaka anaelekezwa: suruali ina mifuko minne, umemwondolea kazi ya kubahatisha. Sasa anasubiri mlango tu. Mwenzake wa mbele yako anainama kana kwamba kadondosha kitu, watu wanakwama. Wa nyuma anakusukuma huku akifoka, "Pandeni basi!" Hapo ndipo vidole viwili vinapoingia. Mwili unaosukumwa kwa nguvu hausikii mguso mdogo, ndiyo maana watu huapa hawakuguswa. Ukimkamata wa nyuma, hana kitu. Hela zimeshapokewa na wa tatu, naye kashavuka barabara.

Korosho umelipwa kupitia benki. Kuzitoa zote Mtwara ili uzitembeze zaidi ya kilomita 500 ni kwa nini, jamani? Kazitoe hukohuko Dar, ndani ya benki. Za lazima, fundi cherehani akushonee mfuko wa ndani ya kiuno cha suruali. Nauli na hela ya maji zikae kwingine kabisa. Na mama zangu mnisamehe, fundo la pindo la kanga silikubali: kila ukinunua maji unalifungua mbele za watu.

"Kibaka namjua kwa sura." Humjui. Kachomekea shati, ananukia kukuzidi.

"Zipu imefungwa, hela hazimo. Uchawi wa chuma ulete huo!" Geuza mkoba utazame chini. Ukiona mkato ulionyooka, hapo ni wembe, uache kumsingizia jirani.

"Zanzibar wanaibiwa wazungu tu." Wazungu wengi huficha hela kwenye mkanda ndani ya nguo. Anayehesabu noti katikati ya soko la Darajani ni wewe uliyefuata mzigo wa nguo.

"Simu ina nywila, hela zangu salama." Laini huchomolewa ikawekwa kwenye simu nyingine. Wengi wenu namba ya siri ya hela za simu ni mwaka wa kuzaliwa, na kitambulisho chenye mwaka huo kiko pochi moja na simu! Badilisha namba hiyo kabla ya kupanda basi. Ukishaibiwa, omba simu ya mtu wa mtandao wako, piga 100 wafunge laini, ndipo uende polisi. Abiria wangu huanza kwa kulia, kisha polisi, laini wanaikumbuka jioni.