Kitambi hakikatwi, kinachokatwa ni ngozi

Ukikaa saluni pale Ngamiani, hapa Tanga, nusu saa tu, utalisikia: "Fulani kaenda Dar kukata kitambi." Wa pili atasema kaenda kukata utumbo, wa tatu kanyonywa mafuta. Na wote wanamsema mtu ambaye alishapungua kilo arobaini na kitu, kwa hiyo kitambi cha kukatwa hakuwa nacho tena. Alichokifuata ni kuondolewa ngozi.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu akipungua sana, iwe kwa mlo na mazoezi, iwe kwa puto la kuwekwa tumboni kama wanaloweka hospitali ya Mloganzila, iwe kwa kupunguzwa mfuko wa chakula, ngozi iliyotanuka kwa miaka hairudi yote. Upasuaji wa kurekebisha umbo ni kuikata ile iliyozidi, tumboni, mikononi, mapajani au kifuani, na kuishona iliyobaki. Haupunguzi unene, unakuja baada ya unene kupungua.

Sasa tulirudie neno, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Kitambi, kabla halijawa jina la tumbo lililochomoza, lilikuwa jina la nguo: kipande cha kujifunga kiunoni au kichwani. Ndugu zake bado unawaona, utambi wa taa na kitambaa. Kutoka kwenye nguo likahamia mwilini, likawa jina la ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Aliyewahi kuchinja mbuzi wa Idi anaujua: ukipasua tumbo, kabla hujafika kwenye utumbo, unakuta kitu cheupe kama wavu, kimetandazwa juu yake mithili ya leso. Hicho ndicho kitambi. Kiko ndani, nyuma ya ukuta wa misuli, na mtu akinenepa kinajaa mafuta na kuusukuma ukuta huo mbele. Kwa hiyo aliyelitoa neno hili kwenye nguo na kulipeleka mwilini alilipeleka mahali sahihi kabisa.

Ajabu ni kwamba Kilatini nacho kilifanya hivyo hivyo, ila kikaitupa nguo upande wa pili. Pannus kwa Kilatini ni kitambaa, na madaktari wanaitumia kuitaja ngozi ya tumbo inayoning'inia mbele ya kinena kama aproni. Kuikata wanaita panikulektomi. Basi tuna vitambaa viwili: kimoja ndani, cha Kiswahili, ambacho kisu cha upasuaji huu hakikigusi, kingine nje, cha Kilatini, ambacho ndicho kinachokatwa. Anayesema "kukata kitambi" amekichanganya cha ndani na cha nje.

Ukitaka kujua una kipi, lala chali. Kitambi kitabaki kimesimama, kigumu, kinasukuma. Ngozi iliyolegea itamwagika pembeni, na unaweza kuikunja kwa vidole kama kanga.

Wengine wanaiita hiyo ngozi nyama uzembe, na hili ndilo linalouma zaidi. Si nyama, na wala si uzembe. Nyuzi za ndani zinazoipa ngozi mvutano zimekatika wakati wa unene, na hakuna idadi ya squati itakayoziunga. Mtu aliyehangaika miaka miwili akapungua, akabaki na mikunjo inayotoa upele na harufu kwa joto la Tanga la mwezi wa kwanza, halafu anaambiwa ana nyama uzembe! Wataalamu wa lishe na afya wana neno jingine la unene, kiribatumbo, na hilo likieleweka linasaidia. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Maji yakimwagwa, kiriba hakipotei. Kinalegea na kuning'inia. Kupunguza uzito ni kumwaga maji. Upasuaji tunaouzungumzia ni kukishona upya kiriba kilichokwisha kumwagwa.

Kwa haraka, hayo mengine mawili. Kunyonya mafuta hutoa mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Ya ndani hayafikiwi, na ngozi iliyolegea ukiitoa mafuta bila kuikata inaning'inia zaidi. "Kukata utumbo" watu wanamaanisha kupunguza mfuko wa chakula, ambao si utumbo. Hizo ni operesheni nyingine.

Ndani ya upasuaji wa tumbo lenyewe kuna tofauti ambayo inafaa uiulize kabla ya kulipa. Panikulektomi ni kuondoa aproni basi. Abdominoplasti inakwenda mbali: daktari anakata kutoka nyonga hadi nyonga, anaibandua ngozi hadi karibu na mbavu, anaivuta pamoja misuli iliyoachana na kuishona katikati, kisha anaishusha ngozi kama anavuta shuka na kuitobolea kitovu tundu jipya. Kitovu chenyewe hakihamishwi, kinabaki kwenye shina lake. Waliopungua sana wakati mwingine huongezewa mkato wa wima kutoka chini ya kifua, kwa kuwa ngozi imezidi upande kwa upande pia, na mkato wa mlalo peke yake hauwezi kuichukua.

Ni kwa nini basi neno lilete shida? Kwa sababu mtu mwenye kitambi cha kweli akienda kwa daktari bingwa na kuambiwa "kwanza pungua," anarudi akidhani amenyimwa. Hajanyimwa. Misuli ikivutwa na kushonwa juu ya tumbo lililojaa mafuta ndani, nafasi inakuwa finyu: shinikizo linapanda, mapafu hayatanuki vizuri, na damu inayorudi kutoka miguuni inasota. Hapo ndipo damu inapoganda mguuni na bonge lake kukimbilia kwenye mapafu. Ndiyo maana wengi wanataka uwiano wa uzito na urefu uwe 30 au chini. Kwa mwenye urefu wa mita 1.60 hiyo ni kama kilo 77. Na uzito uwe umetulia miezi mitatu hadi sita bila kupanda wala kushuka. Aliyefanyiwa operesheni ya mfuko wa chakula kwa kawaida husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ukikatwa ngozi ungali unapungua, italegea tena.

Maandalizi yanayoamua mambo si yale watu wanayoyapigia kelele. La kwanza ni protini. Waliopunguzwa mfuko wa chakula wanakula kidogo, na mara nyingi wanakuja na upungufu wa damu, wa madini ya chuma, wa vitamini B12 na D. Kidonda cha kutoka nyonga hadi nyonga hakijengwi kwa chai na mkate wa mofa. Lengo la gramu 60 hadi 100 kwa siku linafikika hapa hapa Tanga bila unga wa kopo: yai moja ni kama gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 ni kama 20, glasi ya maziwa au mtindi ni 8, kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15. Anza wiki kadhaa kabla, si siku ya kwenda. Vipimo vya damu vifanyike mapema vilevile, maana upungufu wa damu hautibiki kwa wiki moja.

La pili ni nikotini. Sigara, shisha, ugoro, vyote viachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Ngozi iliyobanduliwa inalishwa na mishipa ya pembeni tu. Ya katikati imekatwa. Sehemu iliyo mbali zaidi na mishipa hiyo ni pale katikati chini ya kitovu, na nikotini ikiifinya mishipa, pale ndipo ngozi inapogeuka nyeusi na kufa. Mvutaji akitoka na kidonda kilichooza, mara nyingi ni mahali hapo.

Dawa zote zitajwe kwa daktari, hata zile ambazo watu hawazihesabu kuwa dawa. Aspirini na jamii ya diklofenaki huongeza kutoka damu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu, na mara nyingi husimamishwa wiki nne kabla, ukitumia njia nyingine. Sindano za kupunguza uzito hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, hivyo mtaalamu wa usingizi lazima ajue kabla hajakupa nusu kaputi. Dawa za asili za kunywa, za unga au za mafuta, nazo ziwekwe mezani. Na upele wa kwenye mikunjo upone kwanza. Hakuna anayetaka kukata juu ya fangasi.

Panga pia safari. Tanga hadi Dar ni kilomita zipatazo 350, na kukaa kwenye basi saa tano au sita siku chache baada ya upasuaji ni kuitafuta damu iliyoganda. Panga kukaa karibu na hospitali wiki mbili, hadi mirija ya kutoa maji kwenye kidonda itolewe. Siku ya kurudi, vaa soksi za kubana, kunywa maji, na basi likisimama Segera shuka utembee, hata kama huna haja ya msalani.

Mirija hiyo ndiyo inayowatia watu hofu, na ndiyo inayohitaji akili kidogo tu. Chini ya ngozi iliyobanduliwa panabaki nafasi, na mwili unaijaza maji ya rangi ya njano. Mrija unayatoa hadi kwenye kichupa kilichominywa ili kivute. Kila asubuhi na jioni: nawa mikono, fungua kizibo, mimina kwenye kipimo, andika mililita, minya kichupa hadi kiwe bapa, funga kikiwa bado kimeminywa. Ukikifunga kimejaa hewa, hakivuti. Rangi huanza nyekundu, ikafifia kuwa ya waridi, kisha njano. Mrija hutolewa ukishuka chini ya kama mililita 30 kwa saa 24, na waliopungua sana huchukua muda zaidi kuliko wengine. Ukitolewa mapema maji hujikusanya, tumbo linatikisika kama mfuko, na itabidi yavutwe kwa sindano, pengine mara kadhaa. Si hatari kubwa ikiwahiwa.

Sasa kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo lazima lisemwe kwa upole, kwa sababu linafanywa kwa mapenzi. Bibi au shangazi akiona tumbo limeshonwa, mkono wake unakwenda kwenye mkaja na maji ya moto, kama kwa mzazi. Visifanyike. Mkaja unabana pale unapofungwa na kuachia kwingine, na pindo lake linaikata njia ya damu kwenye ngozi ambayo tayari inalishwa kwa shida. Vazi la kubana la hospitali linasambaza nguvu sawasawa. Huvaliwa usiku na mchana kwa kama wiki sita, na likijikunja hunyooshwa mara moja. Nunua mawili, moja likifuliwa jingine liko mwilini, na kwa jasho la huku vaa fulana nyepesi ya pamba ndani yake. Maji ya moto ndiyo hatari hasa: mishipa ya fahamu ya ngozi imekatwa, tumbo limekufa ganzi kwa miezi, na mgonjwa anaweza kuunguzwa akiwa anasema "mbona hayana moto." Shangazi aombwe kazi nyingine.

Na kazi ipo. Siku za mwanzo mgonjwa analala mgongo umeinuliwa na mito chini ya magoti, anatembea ameinama kama mzee kwa wiki moja au mbili ili mshono usivutwe, na anatembea kweli, kuanzia jioni ile ile au asubuhi yake, hata kama ni hatua kumi. Asinyanyue zaidi ya kilo tano kwa wiki sita. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini. Mtoto wa mwaka mmoja ni kilo tisa au kumi. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi kumekatazwa pia, ingawa nazi ni nyepesi: unakaa chini kabisa, unakunja nyonga, unasukuma kwa tumbo, na misuli iliyoshonwa katikati ndiyo inayopokea. Anayeswali aswali ameketi kwenye kiti hadi daktari aseme vinginevyo, na upasuaji usipangwe karibu na Ramadhani, kwa kuwa mwili utahitaji maji na protini mchana kutwa.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikikatika, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Vivyo hivyo tumbo likijaa ghafla na kukaza upande mmoja, au kichupa kikijaa damu mbichi, hasa siku mbili za kwanza. Homa ya juu ya 38, ukingo wa kidonda kuwa mweusi, usaha au harufu, mpigie daktari siku hiyo. Uvimbe wa kawaida, ule unaoongezeka jioni, ni wa miezi mitatu hadi sita. Kovu hukomaa kwa mwaka au zaidi, na ngozi nyeusi huvimba makovu kwa urahisi, kwa hiyo kidonda kikishafunga kabisa uliza juu ya bandiko la silikoni.

Kuhusu kilo, ngozi inayotolewa mara nyingi ina uzito wa kilo chache tu. Kwa hiyo ukienda kumjulia hali usimuulize kapungua ngapi. Hizo alizipunguza zamani. Sema ameondolewa ngozi, muulize mrija umetoa kiasi gani leo, kisha mkunie nazi.