Jicho kwa jicho, mkono wa mwizi: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Jicho kwa jicho" ililetwa na Uislamu.

Hukumu hiyo ilichongwa kwenye jiwe jeusi la Hammurabi, mfalme wa Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Jiwe lenyewe leo liko Louvre, Paris. Torati nayo inayo, na Qur'ani (5:45) inasema wazi kwamba Wana wa Israili ndio walioandikiwa humo. Kisha inaongeza kuwa atakayesamehe, msamaha wake ni kafara kwake.

Kwa Hammurabi, jicho kwa jicho lilikuwa la waungwana kwa waungwana. Mtu wa tabaka la chini akitobolewa jicho alilipwa mina moja (kipimo cha uzito cha kale) ya madini ya fedha. Na nyumba ikianguka ikamuua mtoto wa mwenye nyumba, aliuawa mtoto wa fundi aliyeijenga, mtoto ambaye hakugusa hata tofali! Qur'ani inaukata mzizi huo: hakuna abebaye mzigo wa mwingine (6:164).

Tusifiche lakini: mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) walio wengi nao walisema muungwana hauawi kwa kumuua mtumwa. Imamu Abu Hanifa, mwasisi wa madhehebu ya Hanafi, aliwapinga.

Dhana: Kisasi cha sharia ni kulipiza chuki.

Hapa naona lugha yetu imetuponza. "Kisasi" chetu kimetoka kwenye *qisas* ya Kiarabu, lakini njiani kimebeba hasira. *Qisas* ni malipo ya sawasawa, yanayosubiri hukumu. Aya ya 2:178 inawapa jamaa wa marehemu nafasi ya kusamehe na kupokea dia (fidia ya damu), na inaliita jambo hilo tahfifu (wepesi) na rehema kutoka kwa Mola. Wanaweza pia kusamehe bila kuchukua chochote.

Dhana: Kila mwizi hukatwa mkono.

Mali lazima ifikie kiwango, robo dinari ya dhahabu kwa wanazuoni wengi, na iwe imeibwa mahali inapohifadhiwa. Shaka ikiingia, hukumu ya kukata inaondoka. Imepokewa kwamba mwaka wa njaa, Khalifa Umar aliisimamisha kabisa. Kwa Hammurabi, aliyekwenda kuzima moto kwenye nyumba ya mtu kisha akaiba humo alitupwa kwenye moto huo huo.

Dhana: Sheria zote za kale zilikuwa kali kuliko za Kiislamu.

Hii tunaipenda sisi Waislamu, nami nimeisikia mara nyingi kwenye mawaidha. Si kweli. Sheria za Ur-Nammu wa Sumeri, za zamani kuliko Hammurabi kwa karne kadhaa, zilimtoza aliyemtoboa mwenzake jicho nusu mina ya fedha, basi. Na katika Torati, aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza hulipa ng'ombe watano, kondoo hulipa wanne. Mkono wake haukuguswa.