Kabla ya kumleta mtoto wa mbwa, mchunguze kwanza mwenyeji

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Arusha ikiwa bado haijaachia, mwalimu mmoja mstaafu aliingia kliniki kwangu akimwongoza kwa kamba ya katani mbwa wake jike mwenye umri wa miaka 9. Tulipokwisha kuamkiana alikaa kwenye benchi, akanieleza shida yake kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo: "Daktari, huyu ameanza wivu uzeeni." Zilikuwa zimepita siku 12 tangu mwanawe amletee mtoto wa mbwa, naye jike, wa wiki 8, ili baadaye aje kushika ulinzi wa nyumba. Jioni iliyotangulia, mbwa huyu bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumgusa hata kifaranga, alikuwa amemng'ata mtoto huyo mgeni shavuni mpaka damu ikatoka. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuamua kwamba apelekwe kwa ndugu shambani.

Nilipouinua mdomo wake wa juu upande wa kulia, niliona jino kubwa la kusagia limepasuka kwa urefu, kipande chake kikining'inia, na ufizi umevimba na kuwa mwekundu chini ya ugaga wa rangi ya kahawia. Ni jino ambalo mbwa wetu wengi hulivunja kwa kutafuna mifupa migumu ya ng'ombe. Nililigusa kwa ncha ya kidole tu. Hakulia wala hakunguruma. Aligeuza kichwa pembeni, akalamba pua yake haraka, na weupe wa jicho ukajitokeza kwenye kona.

Mtoto wa mbwa humwamkia mkubwa kwa kumlamba mdomoni, tena kwa bidii na bila kuchoka. Ni tabia ya kale sana. Mbwa mwitu wa hifadhi za Ruaha na Nyerere, wanaporudi kutoka mawindoni, hulambwa midomo na watoto wao mpaka wanawatapikia nyama waliyobeba tumboni, na mtoto wa mbwa wa nyumbani amezaliwa na desturi hiyo hiyo ingawa chakula chake hutoka kwenye sufuria ya jikoni. Kwa hiyo mgeni yule mdogo, kwa heshima zote anazozijua mbwa, alikuwa akiligonga jino lile kwa pua yake mara nyingi kila siku, na bibi akavumilia kwa siku 11 kabla ya kung'ata. Neno wivu halikuwa na nafasi hapo.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila anayeniuliza namna ya kumkaribisha mtoto wa mbwa huniuliza habari za mtoto: ale nini, alale wapi, achanjwe lini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini katika nyumba yenye mbwa mzee mambo huenda kinyume, kwa kuwa mgeni huzoea upesi na mwenyeji ndiye anayepokonywa usingizi, nafasi na utulivu aliouzoea kwa miaka. Mtu anayenishirikisha mapema, mimi humwomba kwanza amlete mwenyeji, wiki 2 au 3 kabla ya mtoto kufika. Hutazama meno yote, hukunja na kukunjua nyonga na magoti, hubonyeza uti wa mgongo kidogo kidogo kutoka shingoni hadi mkiani, huangalia kama macho yameanza ukungu, na hupiga makofi hewani nyuma ya kichwa chake nione kama anasikia. Mbwa mwenye maumivu ya viungo anayerukiwa mgongoni, au asiyesikia anayevamiwa akiwa usingizini, atang'ata bila ya kuwa mkali kwa tabia. Maumivu mengi kati ya hayo yanatibika, na ni haki yake yatibiwe kabla hatujamtaka awe mvumilivu.

Katika ziara hiyo hiyo hukamilisha chanjo zake, hasa ya kichaa cha mbwa na ya magonjwa ya virusi ya distempa na parvo, na humpa dawa ya minyoo. Kuhusu mtoto, nina masharti machache nisiyoyalegeza. Asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara hutaja umri wowote unaompendeza mnunuzi, ila kinywa hakidanganyi: katika wiki 8 meno ya utotoni huwa yamekwisha kutoka yote 28, na ukikuta mapengo makubwa nyuma ya chonge basi huyo amewahishwa. Aliyewahishwa hukosa somo ambalo ndugu zake wangempa, yaani kwamba ukimng'ata mwenzako kwa nguvu mchezo unakwisha, na somo hilo ataenda kulidai kwa mbwa wako mzee.

Chanjo ya mtoto hutolewa kuanzia wiki ya 6 au ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi huacha njiani wakidhani sindano mbili zinatosha. Sababu ya kurudia ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama: kingamwili alizozinyonya kwa mama humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na kwa kuwa hakuna ajuaye ni wiki gani zitakwisha katika mwili wa mtoto huyu, tunarudia ili tusimwache wazi. Kama mbwa mwingine aliwahi kufa kwa parvo katika ua wako, tambua kwamba virusi hivyo hukaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa miezi mingi, hata mwaka. Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, halafu imwagiwe jiki, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji, iachwe dakika 10 ndipo isuuzwe. Dawa nyingi za sakafu zenye harufu nzuri haziviui virusi hivi. Na dawa ya kupe tunayoikoroga kwa ajili ya josho la ng'ombe isimguse mtoto wa mbwa hata tone. Nimeletewa watoto waliolegea, wamepoa mwili na moyo ukipiga polepole, kwa sababu waliogeshwa pamoja na mkubwa katika beseni moja.

Mtoto yeyote wa mbwa asiyejulikana alikotoka achukuliwe kuwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa mpaka muda utakapoonyesha vinginevyo. Akimkwaruza au kumng'ata mtoto wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya kukutana, usimshushe mgeni kutoka kwenye gari na kumweka mbele ya banda la mwenyeji. Tafuta mahali ambapo mwenyeji hapalindi, na kwa kuwa mtoto hajamaliza chanjo, mahali hapo pawe ua wa rafiki ambaye mbwa wake wamechanjwa. Kando ya barabara na karibu na soko hapafai. Wawe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba zikiwa legevu, wakitembea upande mmoja kwa umbali wa hatua kadhaa, wakisogea karibu kadiri mwenyeji anavyoonyesha kuridhika. Usimbebe mtoto mikononi juu ya kichwa cha mkubwa. Hapo yeye hawezi kukimbia na mwenzake hawezi kumnusa vizuri. Mbwa aliyeridhika huja kwa kuzunguka, mwili umelegea, hunusa sehemu za nyuma, kisha huondoka kwenda kunusa nyasi. Mbwa anayesimama kama nguzo, kinywa kimefungwa, mkia umepanda na kukakamaa, hajaridhika, na dakika hiyo mtoto asogezwe mbali bila kelele. Dakika 10 zinatosha. Halafu waende nyumbani, mwenyeji aingie getini kwanza, mtoto amfuate baadaye.

Nyumbani kinahitajika kizuizi, na si lazima kiwe cha gharama. Fundi seremala anaweza kukutengenezea fremu ya mbao yenye wavu wa kuku kwa asubuhi moja. Mtoto hukaa upande wake akionekana, akinuswa na kusikika, na wanakutana ana kwa ana mara kadhaa kwa siku huku mtu mzima akiwatazama. Mtoto wa miezi 2 hulala saa 18 au zaidi kwa siku, na wengi hawampi nafasi hiyo. Anayenyimwa usingizi huwa na fujo kupita kiasi, kama mtoto wa binadamu jioni. Kumrudisha nyuma ya wavu baada ya nusu saa ya mchezo kunawapumzisha wote wawili. Nyakati za baridi, ndani ya boksi lake weka gunia kavu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na boksi lenyewe likae mahali ambapo atasikia pumzi za mkubwa.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi mwingi zaidi. Mtoto hula mara 4 kwa siku, mkubwa mara 1 au 2, na mkubwa huyaona yote hayo. Gawa posho yake ile ile ya ugali wa dona na dagaa mafungu 4, ili kila mtoto anapowekewa sahani na yeye apate kidogo, kila mmoja upande wake wa wavu, na sahani ziondolewe mara wanapomaliza. Mifupa isitupwe uani kabisa. Mara nyingi anayewalisha ni dada wa kazi au mlinzi wa usiku, na mwenye nyumba aliyenisikiliza kliniki hakumweleza neno lolote. Kwa hiyo siku hizi huomba nizungumze na huyo anayeshika sufuria.

Sasa niseme juu ya kunguruma, kwa sababu ndipo tunapowadhulumu mbwa wazee zaidi. Mwenyeji anaponguruma, mtu huchukua fimbo, au humkaripia na kumfungia bandani, na mtoto hubebwa na kubembelezwa. Mbwa mzee hapo amefundishwa mambo mawili: kwamba kusema kunaadhibiwa, na kwamba mtoto akiwepo mabaya hunifika. Kabla ya kunguruma alikuwa amekwisha kusema kwa upole mara nyingi. Aligeuza uso. Alilamba midomo bila kuwapo chakula. Alipiga miayo bila usingizi, akaondoka kwenda kulala mahali pengine, akafuatwa, akasimama tuli kwa nukta moja, akainua mdomo kidogo. Kunguruma kunakuja baada ya hayo yote, na baada yake huja kutafuna hewa karibu na uso wa mtoto, na baada ya hapo meno. Ukimchapa kwa kunguruma, kero inabaki pale pale, na kilichoondoka ni onyo tu. Mara nyingine atapita moja kwa moja mpaka kwenye meno, na nyote mtasema aling'ata ghafla.

Kazi ya mtu ni kusoma zile ishara za mwanzo na kumwondoa mtoto kabla mkubwa hajalazimika kupandisha sauti. Mkubwa akifoka mara moja, kwa kishindo kikubwa kisichoacha jeraha, mtoto akalia na kurudi nyuma, kisha mkubwa akaendelea na shughuli zake, usiingilie. Somo limetolewa na mwalimu bora kuliko wewe. Hali ni tofauti kabisa kama mkubwa anamfuata mtoto anayekimbia, anambana chini bila kumwachia, anamkodolea macho hata mtoto akiwa amelala, au anaacha matundu kwenye ngozi. Hapo watenganishwe na nipigiwe simu, kwa maana tundu dogo la jino juu ya ngozi linaweza kuficha nyama iliyochanika ndani.

Na mbwa hao wasiachwe huru pamoja usiku, hata kama mchana wanapatana. Ni desturi ya nyua zetu kufungulia mbwa saa 3 usiku na kuwafungia alfajiri, na mapigano mengi niliyoyatibu yalitokea katika saa hizo, wakati mkubwa amesisimka kwa mpita njia getini, mtoto akamrukia, na hakuna aliyekuwa karibu.

Yule bibi wa miaka 9 nilimng'oa jino siku ile ile. Nilimwomba mzee awatenganishe kwa wavu siku 10, ampe chakula laini, na kila jioni akae naye peke yake robo saa mahali walipozoea kukaa kabla mgeni hajaja. Wiki 6 baadaye walikuja wote wawili, mtoto akiwa wa wiki 16 na akija kwa chanjo ya mwisho. Chini ya benchi alimlamba bibi mdomoni, kwanza upande wa kushoto, kisha ule wa kulia. Bibi alifumba macho, akavumilia kidogo, akageuza uso, na mtoto akaelewa, akalala kwenye miguu yake ya mbele.

Mzee alikuwa na swali moja: ni lini mdogo anaweza kufunguliwa usiku pamoja na mkubwa. Nilimjibu kwamba asimfungulie kabla ya mwaka mmoja, na hata hapo aanze kwa saa ambazo mlinzi yuko macho. Nilimweleza pia kwamba majike wawili wanaopatana utotoni wanaweza kuanza kugombana mdogo anapokomaa, kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, hasa anapokuwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, kwa hiyo ishara zile zile aendelee kuzitazama. Tulifungua kalenda iliyoko ukutani, tukachagua siku ya kumfunga uzazi mdogo, akaiandika nyuma ya kadi ya chanjo.